Ukuta Ulianguka, Kifusi Kimebaki

Wahenga walituachia neno ambalo kila mzee wa baraza hulitumia anapotaka kumaliza ugomvi: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni neno jema. Kwa neno hilo ndoa nyingi zimeokoka, na ndugu wengi waliokuwa hawasemezani wamerudi kula sahani moja. Lakini liko swali ambalo neno hilo halilijibu. Je! ikiwa yaliyopita ni ndwele kweli, na ndwele yenyewe ingali mwilini, tutayagangaje yajayo?

Swali hili hatukulitoa vitabuni. Lilitujia katika ukumbi wa parokia, Jumamosi mbili mfululizo, tulipokaa na wazazi na vijana kutazama sinema mbili za Kijerumani na kuzungumza juu yake. Sinema zote mbili zahusu kuanguka kwa ukomunisti katika Ujerumani ya Mashariki na mambo yaliyofuata. Tulidhani kwamba mazungumzo yangekuwa ya mambo ya mbali, ya Ulaya, ya miaka zaidi ya thelathini iliyopita. Haikuwa hivyo. Kabla taa hazijazimwa Jumamosi ya pili, tulikuwa tukizungumza habari zetu wenyewe.

*Dola iliyotega sikio mlangoni*

Kwanza tuwakumbushe vijana habari zenyewe, maana wengi wao walizaliwa baadaye. Baada ya vita kuu ya pili Ujerumani iligawanyika, na mwaka 1949 upande wa mashariki ukawa dola iliyotawaliwa na chama cha kikomunisti. Watu walipozidi kukimbilia magharibi, serikali ilianza kujenga Ukuta mjini Berlin tarehe 13 Agosti 1961. Watu wasiopungua 140 walipoteza maisha yao penye Ukuta huo.

Lakini ukuta wa saruji haukutosha. Ulijengwa na mwingine ndani ya mioyo. Tangu mwaka 1950 nchi ile ilikuwa na Wizara ya Usalama wa Taifa, ambayo watu waliiita Stasi. Katika nchi ya watu wapatao milioni 16, wizara hiyo ilikuwa mwaka 1989 na watumishi wa mshahara wapatao 91,000, na pamoja nao wapasha habari wa siri zaidi ya 170,000. Hao wa siri hawakuvaa sare. Alikuwa mwalimu mwenzako, daktari wako, mwimbaji mwenzako wa kwaya, na pengine mume wako. Kikulacho ki nguoni mwako, twasema sisi. Huko serikali iliifanya methali hiyo kuwa idara.

Wala nchi hiyo haikuwa mbali nasi kama tunavyodhani. Zanzibar iliitambua mwaka 1964, na nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Michenzani zilijengwa kwa msaada wake. Vijana wetu walikwenda kusoma Leipzig na miji mingine, wakarudi na ujuzi wao na kumbukumbu zao. Mwaka 1965 Tanzania iligombana na Ujerumani ya Magharibi kwa sababu ya nchi hiyo hiyo, na Mwalimu Nyerere akaona heri kuukosa msaada wa Bonn kuliko kuchaguliwa marafiki.

Dola ile ilianguka pasipo risasi. Katika mji wa Leipzig, katika kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Nikolai, watu walikuwa wakikutana kila Jumatatu kuombea amani tangu mwaka 1982. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 walitoka barabarani, wengi wakiwa na mishumaa mikononi, na askari hawakupiga. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Novemba, Ukuta ulifunguliwa. Tarehe 3 Oktoba 1990 nchi ile ilikwisha kuwa nchi.

Hapo ndipo swali letu lilipoanza. Katika majengo ya Stasi yalikuwamo majalada ambayo yakipangwa katika mstari mmoja yafikia urefu wa kilomita 111. Tarehe 4 Desemba 1989 wanawake wa mji wa Erfurt waliona moshi ukitoka katika jengo la wapelelezi, wakahofu kwamba majalada yanachomwa, wakaingia na wenzao kuyazuia. Tarehe 15 Januari 1990 umati ukaingia makao makuu ya Berlin. Wapelelezi walikuwa wamekwisha kuchana karatasi nyingi. Yalipatikana magunia zaidi ya 15,000 ya vipande. Yaliyosalia yafanyweje? Yachomwe, yafungiwe, ama yafunguliwe kila mtu asome yake?

*Mtu wa darini*

Sinema ya kwanza tuliyoitazama yaitwa "Das Leben der Anderen", maana yake Maisha ya Wengine. Ilitungwa na Florian Henckel von Donnersmarck, ikatolewa mwaka 2006, na mwaka 2007 ikapewa tuzo ya Oscar ya sinema za lugha za kigeni. Yaeleza habari za mwaka 1984. Kapteni mmoja wa Stasi, jina lake Wiesler, apewa kazi ya kumpeleleza mtungaji wa michezo ya kuigiza aitwaye Dreyman. Nyumba ya mtungaji yawekwa vinasa sauti katika kuta zake, naye Wiesler akaa darini na vidude masikioni, akiandika kila neno. Sababu yenyewe ya upelelezi ni chafu: waziri mmoja amtamani mwanamke wa mtungaji yule, mwigizaji aitwaye Christa-Maria, na ataka kumwondoa mwanamume njiani.

Kadiri Wiesler anavyosikiliza, ndivyo moyo wake unavyogeuka. Asikia watu wakipendana, wakilia, wakipiga muziki wa kumlilia rafiki aliyejiua. Aanza kuandika taarifa za uongo ili kumkinga yule aliyetumwa kumwangamiza. Christa-Maria akamatwa, atishwa, na kwa hofu ataja mahali ilipofichwa taipureta ambayo Dreyman ameandikia makala ya siri. Wiesler atangulia kuiondoa. Wapelelezi wafika, hawaoni kitu. Lakini mwanamke yule, asiyejua kwamba mwenziwe amekwisha okolewa, akimbilia barabarani kwa aibu, agongwa na gari, afa. Wiesler ahamishwa chini ya jengo, kazi yake iwe kufungua barua za watu kwa mvuke.

Baada ya Ukuta kuanguka, Dreyman aenda kusoma jalada lake. Aona kwamba mtu asiyemjua alimlinda kwa uongo, na katika karatasi ya mwisho aona alama ya kidole cha wino mwekundu, wino wa taipureta ile. Amtafuta mtu huyo, amwona kwa mbali akigawa karatasi za matangazo mlango kwa mlango, lakini hamsemeshi. Aandika kitabu, na mwanzoni mwake amshukuru mtu yule kwa namba yake ya siri. Sinema yakwisha Wiesler akikinunua kitabu hicho dukani.

*Neno la mzee mwalimu*

Taa zilipowashwa, kijana mmoja wa chuo kikuu alisimama upesi. Alisema, "Shikamooni wazee. Mimi naona jibu li wazi. Kila jalada lifunguliwe, kila mchongezi atajwe. Asiyetenda uovu ana hofu gani?" Vijana wenzake walimpigia makofi.

Ndipo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa amekaa nyuma na mkongojo wake, alipoomba kusema. Alituambia kwamba zamani, alipokuwa kijana, alisema neno la kulaumu wakubwa mbele ya wenzake wanne waliokuwa wakinywa pombe pamoja naye. Hazikupita wiki mbili akaitwa, akasomewa maneno yake kama alivyoyasema. Akahamishwa mbali, mke wake mjamzito akabaki kwa wazazi, na mtoto akazaliwa baba hayupo. "Wenzangu watatu wamekwisha kufa," alisema. "Mmoja yu hai. Jumapili hukaa benchi moja nami. Sijui kama ndiye, wala sitaki kujua. Tumezeeka pamoja, tumezikana watu wetu. Wanangu, yaliyopita si ndwele."

Ukumbi ulinyamaza. Hata yule kijana hakuwa na neno.

Twakiri kwamba usiku ule tulirudi nyumbani tukiwa upande wa mzee. Twajua kwamba Ulaya yenyewe haikuwa na shauri moja. Huko Poland, Tadeusz Mazowiecki, Mkatoliki aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza asiye mkomunisti baada ya miaka zaidi ya arobaini, alisema bungeni mwezi Agosti 1989 kwamba serikali yake itapiga mstari mnene kati yake na yaliyopita. Yeye alikusudia kwamba serikali mpya haitabeba lawama za ile ya zamani. Lakini wengi waliyachukua maneno yake kuwa ni shauri la kusahau. Ujerumani ilichagua njia nyingine. Sheria ilitungwa mwaka 1991, na tangu Januari 1992 kila raia aliweza kuomba kusoma jalada lake. Kazi hiyo ilisimamiwa na mchungaji wa Kilutheri, Joachim Gauck, ambaye baadaye alikuwa Rais wa nchi, 2012 hata 2017. Maombi ya watu kusoma majalada yao yamezidi milioni tatu. Wako waliogundua kwamba mwenzi wa ndoa ndiye aliyewachongea. Wengi walihofu kwamba damu itamwagika kwa visasi. Damu haikumwagika, lakini machozi, nani awezaye kuyahesabu?

*Barua nyuma ya kabati*

Jumamosi ya pili tulitazama sinema ya namna nyingine, yenye kuchekesha na kuliza pamoja. Yaitwa "Good Bye, Lenin!", kazi ya Wolfgang Becker, ya mwaka 2003. Mama mmoja wa Berlin ya Mashariki, aliyeitumikia nchi yake kwa moyo, aona polisi wakimkamata mwanawe Alex katika maandamano ya Oktoba 1989. Moyo wamshtuka, aanguka, apoteza fahamu miezi minane. Azindukapo, nchi yake imekwisha anguka. Daktari amwonya kijana kwamba mshtuko wo wote waweza kumwua mama.

Basi Alex aamua kumficha. Chumba cha mama chapangwa kama zamani. Matango ya achari ya Kimagharibi yatiwa katika chupa kuukuu za Mashariki. Rafiki yake atengeneza taarifa za habari za uongo katika televisheni. Na kadiri uongo unavyokua, Alex aona kwamba hajengi tena nchi iliyokuwako. Ajenga nchi ambayo mama yake aliistahili, nchi ya haki na utu, isiyopata kuwako.

Hapo wazee wetu walicheka, kisha hawakucheka tena. Bibi mmoja alisema, "Padre, huyu kijana anatuonyesha sisi." Tulimwelewa. Ujamaa wetu haukuwa ukomunisti. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki mwenye kwenda Misa, alikana mara nyingi kufuata mafundisho ya Marx. Lakini nasi tulipata kuwa na nchi mbili kwa jina moja: moja ile iliyoandikwa katika Azimio la Arusha mwaka 1967, na moja ile ambamo watu walihamishwa kwa nguvu kuingia vijijini katika miaka ya 1970. Mzee anayeilaani ya pili huku akiililia ya kwanza si mnafiki. Analilia tumaini.

Kadhalika Wajerumani wa Mashariki. Mashirika ya dola yapatayo 8,500, yenye wafanyakazi karibu milioni 4, yalitiwa mikononi mwa shirika moja la kuyauza ama kuyafunga, na kazi hiyo ilikwisha mwaka 1994. Mamilioni walipoteza kazi. Mtu aliyekuwa fundi mwenye heshima alijikuta katika foleni ya msaada, akiambiwa kwamba sasa yu huru. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyeujua ukomunisti kuliko wengi wetu, alionya mwaka 1991 katika barua yake "Centesimus Annus" kwamba kushindwa kwa ukomunisti hakuthibitishi kuwa ubepari ndiyo njia pekee, wala hakuondoi dhuluma na umaskini duniani. Anayetaka kuwashangaa wale wanaoitamani jana, kwanza aangalie leo yao ikoje.

Lakini neno kuu la sinema hii liko mwishoni. Siku moja, wakiwa shamba, mama mwenyewe aungama mbele ya watoto wake. Maisha yao yote aliwaambia kwamba baba yao aliwatupa akakimbilia magharibi kwa mwanamke mwingine. Haikuwa kweli. Walikuwa wamepatana kwamba baba atangulie, naye amfuate na watoto. Aliogopa, alihofu kunyang'anywa watoto. Baba aliandika barua nyingi. Mama alizificha nyuma ya kabati la jikoni. Kumbe mwana alikuwa akimdanganya mama kwa upendo, naye mama alikuwa amemdanganya mwana miaka mingi, pia kwa upendo. Uongo wa dola ulikuwa umejipatia chumba katika jiko lao.

*Mama alivyomjibu mzee*

Ndipo aliposimama mama mmoja, muuza vitenge, ambaye Jumamosi ya kwanza hakusema neno. Alimgeukia yule mzee, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi ya kwao, akasema, "Mwalimu, shikamoo. Nisamehe, mimi ni mtoto kwako. Juma lililopita ulisema hutaki kujua. Nami usiku sikulala. Nilijiuliza: yule mwenzako wa benchini, ikiwa ndiye, je, yeye hataki ujue? Mama huyu wa sinema aliutua mzigo wake alipokaribia kufa. Wewe umemsamehe mtu usiyemjua. Je, yeye ataupokeaje msamaha asiojua kwamba umetolewa?"

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, hilo sikuliwaza."

Ndugu wasomaji, hata sisi hatukuwa tumeliwaza. Daima tunapobishana juu ya kufunua ama kufunika, twamwangalia aliyedhulumiwa: je, ukweli utamponya ama utamwumiza? Twamsahau aliyedhulumu. Na yeye ni mgonjwa pia. Pengine ndwele yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa hana mahali pa kuilalamikia. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na mficha maradhi kifo humwumbua. Mtu aweza kukaa benchi moja na rafiki yake miaka hamsini, akamzikia watoto, akamchangia harusi, na kila anapompa mkono akumbuke barua aliyoiandika usiku. Hayo si maisha. Ni Stasi iliyohamia ndani ya nafsi, na mpelelezi na mpelelezwa ni mtu mmoja.

*Jalada si mtu mzima*

Je! basi kijana wa chuo kikuu alisema kweli, kila jalada lifunguliwe na kila jina litangazwe? La. Hapa yatupasa kutofautisha.

Kwanza, jalada ni maandishi ya mtu mwongo kwa bwana mwongo. Katika sinema ya kwanza, taarifa za Wiesler zilijaa uongo; uongo wenye kuokoa, lakini uongo. Ziko na taarifa ambazo wapelelezi walizitia chumvi ili wapandishwe vyeo. Na Christa-Maria je? Jalada lingemwandika kwa neno moja tu, mchongezi. Lisingeandika vitisho vya gerezani, wala uchafu wa waziri, wala aibu iliyomtoa mbio barabarani. Alikuwa mwenye kosa na mwenye kukosewa katika saa moja. Ajuaye mstari mmoja wa maisha ya mtu asidhani amekisoma kitabu.

Pili, huruma nayo yaweza kugeuka uongo. Mkurugenzi wa makumbusho ya gereza la Stasi huko Hohenschönhausen, Berlin, Hubertus Knabe, alikataa sinema ya kwanza isipigwe picha katika gereza lile. Alisema kwamba inamfanya mtu wa Stasi kuwa shujaa, ilhali hakuna afisa wa Stasi ajulikanaye kutenda kama Wiesler. Twaona kwamba lawama yake ina uzito. Waliofungwa katika vyumba vile hawakulindwa na malaika wa darini. Anayetunga hadithi ya mtesaji mwenye moyo mwema sharti akumbuke kwamba mteswa naye atakuja kuitazama. Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba hadithi hiyo haifai. Haitufundishi kilichotokea, yatufundisha kilichowezekana. Na hukumu ya wale wengine yazidi kuwa nzito, maana ikiwa mmoja angaliweza kuandika vingine, wote wangaliweza.

Tatu, na hili ndilo linalotugusa zaidi, majalada yakichomwa, si uovu peke yake unaofichwa. Dreyman alimjuaje mkombozi wake? Kwa kusoma jalada. Lingalichomwa, angalikufa akidhani kwamba aliponea bahati, na tendo moja jema katika nyumba ile ya giza lingalipotea kama halikutendwa. Wanaotuhimiza kusahau yote hutuomba kusahau pia waliokataa, walionyamaza kwa ushujaa, waliolipa kwa kazi zao ili wasimtaje jirani. Asiyetaka kumjua mchongezi hatamjua na mwaminifu.

*Hata nyumbani mwa Kanisa*

Sisi Wakatoliki hatuna ruhusa ya kusema hayo kama watazamaji. Poland ilimtoa Padre Jerzy Popiełuszko, aliyetekwa na maafisa wa polisi wa siri tarehe 19 Oktoba 1984 na kuuawa, naye Kanisa likamtangaza Mwenye Heri tarehe 6 Juni 2010. Twajivunia mtu huyo, na ni haki. Lakini nchi hiyo hiyo ilimwona Askofu Mkuu Stanisław Wielgus akijiuzulu tarehe 7 Januari 2007, katika kanisa kuu la Warsaw, siku ile ile watu waliyokusanyika kumpokea kwa shangwe. Mwanzoni alikana, kisha, karatasi zilipotolewa, alikiri kwamba alikubali zamani kushirikiana na polisi wa siri, akisema hakumdhuru mtu. Hatuandiki hayo ili kumhukumu. Papa Benedikto wa Kumi na Sita, miezi michache kabla yake, tarehe 25 Mei 2006, aliwaonya mapadre wa Poland katika mji huo huo wasijifanye kwa kiburi kuwa mahakimu wa vizazi vilivyoishi katika nyakati nyingine. Yafaa tulishike onyo hilo. Lakini tushike na funzo la pili: kilichowaumiza waamini wa Warsaw zaidi ya dhambi ya zamani kilikuwa kule kukana kwa sasa. Neno ambalo lingesemwa miaka kumi mapema, kwa hiari, lingepokewa kwa machozi na labda kwa heshima. Liliposemwa kwa kulazimishwa, lilikuwa jiwe.

*Lituhusulo sisi*

Basi twajibu nini juu ya swali la mwanzo? Twaona kwamba neno la wahenga ni kweli, lakini lina masharti. Yaliyopita si ndwele yakiwa yamekwisha kugangwa. Kidonda kilichosafishwa hubaki kovu, na kovu haliumi. Kidonda kilichofunikwa na usaha wake huua. Kusamehe hakuhitaji mahakama. Kwa kweli mahakama hufika mahali pachache: Erich Mielke, aliyeiongoza Stasi tangu 1957 hata 1989, alihukumiwa mwaka 1993 kifungo cha miaka sita, na si kwa kazi yake ya upelelezi, bali kwa kuwaua polisi wawili mwaka 1931. Haki ya namna hiyo haimtoshi mtu ye yote. Lakini kusamehe kwahitaji ukweli, maana hakuna awezaye kufuta deni lisiloandikwa po pote. Tofauti kati ya kusamehe na kusahau ni kwamba mwenye kusamehe ajua anachokiachilia.

Na ukweli huo ni heri utoke kinywani mwa mwenyewe kuliko katika jalada. Hilo ndilo lililokosekana katika sinema ya kwanza. Dreyman hakumsemesha Wiesler, wala Wiesler hakumgongea Dreyman mlango. Walishukuriana kwa njia ya kitabu. Ni vizuri, lakini ni huzuni pia. Dola iliyowafundisha watu kusikilizana kwa siri iliwaacha wasijue kusemezana kwa wazi.

Wazazi wapenzi, msidhani kwamba nchi yetu yahitaji polisi wa siri ili mabaya hayo yaingie nyumbani. Siku hizi mtu hurekodi maneno ya mwenzake kwa simu, akayatuma kwa watu mia kabla chai haijapoa. Vijana husomeana siri za rafiki zao kwa kicheko. Kazini neno la mkahawani hufika mezani kwa mkubwa. Hakuna aliyelazimishwa, hakuna aliyetishwa kama Christa-Maria. Tunafanya bure kazi ambayo Stasi iliifanya kwa mshahara. Wafundisheni watoto tangu wadogo kwamba neno uliloambiwa kwa kuaminiwa ni amana, sawa na fedha ya mtu mwingine.

Na kama katika nyumba yako yako mambo nyuma ya kabati, baba asiyetajwa, shamba lililochukuliwa kwa ujanja, ndugu aliyefukuzwa kwa uongo, usingoje siku ya mauti kuyatoa. Tafuta saa ya utulivu, na mtu wa busara akiwapo ikiwezekana, uyaseme kwa upole. Na wewe unayeambiwa, kumbuka kwamba anayejifunua mbele yako amekwisha lipa nusu ya deni.

Juma lililopita tulimwuliza yule mzee mwalimu hali yake. Alitujibu kwamba alikuwa amemwalika rafiki yake wa benchini kunywa chai, na kwamba walikuwa wamekaa hata magharibi. Hatukumwuliza walizungumza nini.